Blanketi la Simba Wawili na Macho Yangu ya Njano

Watu wengine wakipata mafua wanapenga kamasi, wanakunywa chai ya tangawizi, siku ya tatu wako kazini. Mimi nilipokuwa nikipata mafua, siku ya tatu majirani walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini kama nina suti ya kuzikiwa. Swali lenyewe la kipuuzi, maana mimi ni fundi cherehani. Suti ninazo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye macho yake yanageuka ya njano kila akishikwa na mafua, mkojo wake unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na kila zahanati anayoingia anaambiwa ni malaria. Niliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini hapa Tunduma. Udaktari siujui na sitajifanya ninaujua. Ninachokijua ni mabenchi ya hospitali. Najua pia jinsi mjukuu wangu alivyokaribia kudhuriwa na blanketi ambalo sote tulilipenda, kwa sababu ya heshima ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Nikikasirika katikati ya maelezo, univumilie. Bado sijamaliza kukasirika.

Nianze na hilo blanketi, la sivyo hutanielewa.

Nilioa katikati ya miaka ya themanini, maduka yetu yakiwa bado na rafu tupu na biashara ndiyo kwanza inaanza kulegezwa. Mke wangu, Eliza, ni Mnyiha wa kijiji kimoja karibu na Vwawa, kwao ni watu wa kahawa. Mimi ni Mnamwanga wa huku mpakani. Mama yake, ambaye nitamwita mama mkwe tu kwa sababu hata leo jina lake haliwezi kunitoka mdomoni, aliapa kwamba binti yake hataolewa bila blanketi zito. Upande wetu hayakuwepo. Basi alivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa njia za mashambani, akarudi na blanketi amelifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Askari mmoja akamsimamisha na kumwuliza mtoto ana miezi mingapi. "Mitatu," akajibu, "na anaumwa, usimwamshe." Siku ya harusi yetu habari hiyo ilisimuliwa mara nne, na kila mara askari alizidi kuwa mrefu.

Lilikuwa blanketi la kahawia lenye picha ya simba wawili. Kitu kilichopatikana kwa taabu namna hiyo hakilaliwi ovyo. Liliwekwa kwenye sanduku la bati, na kila mkunjo ukatiwa vidonge vyeupe vya naftalini, vile vya kufukuza nondo na mende. Vikiyeyuka vinaongezwa. Sheria ya nyumba ikawa kwamba blanketi la simba ni la mgeni na la mgonjwa. La mgeni, sababu yake inaeleweka. La mgonjwa, kwa kuwa huku kwetu mtu akiugua anakuja kuonwa na mtaa mzima na nusu ya kanisa, na ni aibu kubwa wakukute umejifunika shuka lililochoka. Siku za uzima mimi na Eliza tulilala na mablanketi yetu mepesi, kama watu wote.

Na kuhusu mama mkwe mwenyewe, ujue kwamba kwa desturi yao mimi na yeye hatukai chumba kimoja, hatuli pamoja, hatutazamani usoni wala hatusemezani. Tukikutana njiani yeye anaingia shambani upande mmoja, mimi upande mwingine. Akiwa na neno la kuniambia anamwambia mtoto, na mtoto asipokuwepo anamwambia kuku. "Wewe kuku, uji wa huyo baba unapoa." Nami namjibu kuku huyohuyo: "Kuku, mshukuru mama, naja." Usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na kwa kweli nilimheshimu yule mama kuliko nilivyowaheshimu wajomba zangu.

Ugonjwa ulinikuta kipupwe cha mwaka wa pili wa ndoa, mwezi wa saba, wakati ukungu hauondoki mpaka saa nne na kila mtu mjini anakohoa. Nilianza na pua, kisha kichwa, kisha homa. Eliza alifungua sanduku, akanifunika simba wawili mpaka shingoni, majirani wakaja kunipa pole na kulisifia blanketi. Siku ya tatu pua ikakauka. Nikajua nimepona. Siku ya nne nikaenda chooni nikaona mkojo mweusi, nikarudi nimeshika ukuta. Eliza aliponitazama kwenye mwanga wa mlango alishika mdomo.

"Macho yako, Elia."

"Yana nini?"

"Yamekuwa kama pindo la kitenge changu."

Kitenge chake kilikuwa cha njano.

Kwenye zahanati ya kwanza nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na daftari langu la matibabu, la kurasa arobaini lililokatwa nusu, nikiwa na namba ya kadibodi iliyoshikwa na watu wengi kiasi kwamba tarakimu yake ilikuwa ya kubahatisha. Tabibu hakuninyanyulia uso. "Malaria," akasema, akaandika. Nikamwonyesha macho. "Malaria kali," akasema, akaongeza mstari. Nilikaa ndani wiki tatu. Mguu ulikataa kukanyaga pedali ya cherehani, nikipanda ngazi mbili za baraza napumua kama nimepanda mlima. Halafu, taratibu, bila mtu kueleza chochote, nikapona. Blanketi likarudishwa sandukuni.

Sitakusimulia kila mara, kwa sababu zote zilifanana kwa namna ya kuudhi. Kuna miaka ilipita salama. Kuna kipupwe nilichougua mara mbili. Nilipata mafua ya mvua za kwanza, mafua ya wakati wa kuchuma kahawa, mafua ya Pasaka. Wengine nyumbani walikohoa na kuendelea na shughuli zao. Mimi nilianguka. Eliza alijifunza kufungua sanduku nilipopiga tu chafya ya pili.

Hasira yangu kubwa ilikuwa ya maswali. Kila mahali swali la kwanza lilikuwa lilelile.

"Unakunywa pombe?"

"Sinywi. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Sikukuuliza cheo. Unakunywa kiasi gani?"

Miaka ya tisini ikaingia, na mji wetu ukafurika malori, wasafiri na maneno. Kila nikitoka kuugua nilikuwa nimepungua. Fundi cherehani hakosi kujua amepungua kwa kiasi gani. Nilijipima mwenyewe kiuno kwa futi yangu, nikapunguza suruali zangu mwenyewe kwenye cherehani yangu mwenyewe. Kosa langu lilikuwa kuzipunguzia barazani. Mpita njia mmoja akiona fundi anapunguza suruali yake kwa mara ya tatu, habari inafika sokoni kabla uzi haujakatwa. "Fundi Elia amekanyaga waya," walisema, wakimaanisha ugonjwa ule. Mteja wangu mmoja wa Nakonde alikuja kuchukua magauni, akasimama mbali kidogo, akanisalimu kwa Kibemba. "Mulishani, ba fundi? Macho hayo vipi?" Aliyachukua magauni kwa ncha za vidole, wala hakurudi tena.

Nilipima damu mara tatu. Mara tatu sikuwa nao. Nilimwonyesha majibu mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akimwonea Eliza huruma mbele za watu, akayasoma pande zote mbili, akayarudisha. "Hata mashine huchoka," akasema. Eliza alilia siku hiyo, kisha akanuna wiki nzima, si kwa yule mama, kwangu mimi, kwa kuugua kwa namna isiyoelezeka. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejinunia.

Kaka yangu alitaka nipelekwe Kamsamba kwa mganga aliyesifika. Wazee wenzangu wa kanisa walitaka nifunge siku tatu. Nilikubali yote mawili, nikaaibika kote kuwili, na macho yakabaki vilevile. Mara nyingine nilipewa vile vidonge vitatu vya malaria vya kumeza kwa mkupuo, vyenye salfa ndani yake, ingawa wakati huo neno salfa halikuniambia kitu. Mara hiyo niliugua kuliko zote zilizotangulia. Waliosema ni malaria wakasema imekuwa sugu.

Na kila nilipolala, mama mkwe alikuja kutoka Vwawa. Haya lazima niyaseme, maana wema wake ndio unaoniuma. Alikuja na ndizi, na maziwa, na ulezi wa uji. Hakuingia chumbani. Alikaa jikoni akapika, akachota maji, akafua nguo za watoto wa jirani kwa kukosa la kufanya. Kupitia ukutani nilimsikia.

"Kuku, huyo baba wamemfunika?"

"Amefunikwa, mama," Eliza alijibu badala ya kuku.

"Lile lenyewe?"

"Lile lenyewe."

"Mpaka shingoni?"

"Mpaka shingoni, mama."

"Haya. Asipigwe na baridi."

Mara ya mwisho ilikuwa kipupwe ambacho binti yetu wa pekee, Neema, alikuwa ameshaolewa na yuko kwa mumewe huko Mlowo. Mafua yale yalizunguka mji mzima. Siku ya tano sikuweza kukaa. Midomo ilikuwa myeupe, macho ya njano, na nilipojaribu kumwita Eliza nilisikia sauti inatoka mbali, kama ya mtu mwingine. Walinipakia kwenye gari la jirani kwenda hospitali moja ya huko juu Mbozi. Mama mkwe, aliyekuwa jikoni, alimwambia kuku kwamba mgonjwa asisafiri bila blanketi lake. Nikasafiri na simba wawili.

Kwenye korido ya hospitali ile kulikuwa na benchi refu la mbao lililolainishwa na makalio ya watu. Nililala juu yake, kichwa mapajani mwa Eliza. Mama mmoja asiyetufahamu alinipisha nafasi yake, akakaa sakafuni na mtoto wake, kisha akampa Eliza viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwenye jani. Sikumwuliza jina. Kama anasoma, namshukuru. Eliza hakuwa amekula tangu jana yake.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani, mfupi, mwenye haraka. Alipiga chafya tatu kabla hajanigusa.

"Samahani. Kinachonuka hivi ni nini?"

"Ni blanketi, dokta," Eliza akasema, na hata katika hali ile nilisikia fahari kwenye sauti yake. "La Zambia. La zamani."

"Nanusa naftalini."

"Ndiyo, tunalitunza vizuri."

"Analala nalo kila siku?"

"Aa, hapana! Hili ni la mgonjwa. Akiugua ndipo tunalitoa."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaivaa tena.

"Mama, nisikilize vizuri. Haya macho yanageuka ya njano kabla hamjalitoa blanketi, au baada?"

Nilimwona Eliza anahesabu miaka. Mimi nilikuwa sina nguvu ya kuhesabu, lakini nakumbuka nilitaka kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja, nikashindwa yote. Daktari alilivuta blanketi mwenyewe, akalitoa nje ya korido, akanifunika shuka la hospitali lenye tundu. Kwa mara ya kwanza maishani niliugua nikiwa nimejifunika shuka lililochoka, na hakuna aliyeona aibu.

Nilihitaji damu. Eliza alitoa. Tangu siku hiyo nikikasirika anasema hasira ni zake, zimehamia kwangu kwa mpira. Sampuli yangu nyingine ilipelekwa Mbeya, na majibu yalikuja nikiwa nimeshaanza kutembea mwenyewe mpaka dirishani.

Daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee, mwilini mwako kuna kimeng'enya kimoja ni pungufu. Umezaliwa hivyo, hakuna aliyekuroga."

"Kimeng'enya ndiyo nini?"

"Ni kitu kidogo kinachofanya kazi ndani ya mwili. Hiki chako kinalinda damu. Mtu akipata mafua, mwili wake unawasha moto kuunguza virusi, na kimeng'enya hiki kinazuia moto usiunguze nyumba. Kwako moto unawaka, nyumba inaungua, na virusi vyenyewe havifi haraka."

"Mafua tu, dokta? Mafua ya pua?"

"Virusi vya mafua viko vya namna nyingi. Vingine vinaitwa korona, na kwa mtu wa kawaida ni kupenga tu. Kwa mwenye upungufu kama wako vinaweza kusumbua zaidi. Wenyewe wataalamu bado wanalichunguza hilo, nisikudanganye. Lakini naftalini na dawa za salfa sina shaka nazo. Mwili unapigana na mafua, halafu juu yake mnaufunika kitu kinachopasua damu."

"Wageni wanalilalia hilo blanketi kila mwaka. Hakuna aliyewahi kuugua."

"Wageni wana kimeng'enya chao."

Niliudhika sana. Sikumwudhikia yeye. Niliudhikia yale madaftari yote, mistari yote ya malaria kali, pombe ambayo sikuinywa, siku tatu za kufunga. Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyenusa. Akasema labda wengine nao walikuwa na mafua. Hilo lilinichekesha bila kutaka.

Kisha akaacha kutabasamu. "Una watoto?"

"Mmoja, wa kike."

"Huyo anaubeba upungufu huu kutoka kwako, japo pengine yeye asiumwe kamwe. Akizaa mtoto wa kiume, mtoto anaweza kuwa nao. Mzee, kwa mtoto mchanga naftalini si mchezo. Njano ile inaweza kupanda mpaka kwenye ubongo, au ikamwua. Asifunikwe kitu chochote kilichohifadhiwa na vidonge vile. Umenielewa?"

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Mama yangu alizaa mtoto wa kiume baada yangu, mtoto huyo akafa siku ya sita akiwa wa njano mpaka nyayoni. Tuliambiwa ni kijicho cha jirani. Huyo jirani hakusalimiwa na watu wa kwetu mpaka anaingia kaburini.

Tuliporudi Tunduma nilimwambia Eliza neno moja: lichomwe. Akasema sawa. Sanduku likaondoka, nyumba ikaacha kunuka, nami nikafungua madirisha kama mtu aliyehamia upya. Kipupwe kilichofuata nilipata mafua. Nilijikunyata chini ya blanketi langu jepesi nikisubiri siku ya nne kwa hofu. Siku ya nne ikafika, macho yakachafuka kidogo tu, mkojo ukawa wa mtu. Wiki iliyofuata nilikuwa nashona sare za shule. Niliandika majina ya dawa nisizotakiwa kupewa kwenye karatasi, nikaishonea mfuko ndani ya shati, na tabibu akianza kuandika bila kuninyanyulia uso naiweka karatasi juu ya kalamu yake. Wengine hukasirika. Wakasirike.

Neema akapata ujauzito. Kama desturi ilivyo, mtoto wa kwanza alikuja kumzalia kwetu. Alijifungua salama mtoto wa kiume, akarudi nyumbani kesho yake. Nilipiga simu kwa daktari wa miwani. Akasema mtoto apelekwe siku ya nne achukuliwe damu, na nikumbuke aliyoniambia. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba blanketi lilishachomwa.

Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa barazani natia uzi. Chumba cha uzazi kilikuwa cha wanawake, mimi huko sikuwa na kazi. Nilisikia mlango wa nyuma, vicheko, sauti ya mama mkwe amefika kutoka Vwawa kumwona kitukuu chake. Nikafurahi. Nikaendelea na uzi. Kisha upepo ukaja kutoka upande wa ndani, na pua yangu ikakamata harufu ambayo ningeitambua hata kaburini.

Eliza alitoka mbio kunizuia kabla sijasimama. Alijua.

"Baba Neema, ngoja nikueleze."

"Ulisema umelichoma."

"Nilimrudishia mama. Ningelichomaje? Ungelichoma wewe? Alilibeba mgongoni!"

"Ulimwambia sababu?"

Akatazama chini. "Nilimwambia umepona, blanketi limerudi kupumzika. Nitamwambiaje mama yangu kwamba zawadi yake ni sumu? Nilijua litakaa kwake. Sikujua atakuja nalo. Lipo na vidonge vipya, Baba Neema, nimejaribu kumwambia ndani mle nikashindwa, watu wamejaa."

"Mtoto yuko wapi?"

"Ameshafunikwa."

Sijui kama umewahi kumkasirikia mtu unayempenda namna ile. Nilimpita. Nilipita jikoni, nikapita kuku, nikasukuma pazia la chumba ambacho mwanaume wa aina yangu hakutakiwa kuingia, na ambamo mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge kichwani, kifurushi cha simba wawili mapajani. Wanawake wanne wakanigeukia. Neema akasema, "Baba!" Mama mkwe aligeuza uso ukutani kwa haraka, kama alivyofanya miaka yote.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimtoa mtoto, mwepesi, amelala, nikampa mama yake. Nilimvua hata kijishati kilichogusana na blanketi. Nikalikunja blanketi, nikaliweka nje ya dirisha.

Jirani mmoja alianza kusema nimerukwa na akili, mwingine akamkanyaga mguu.

Mama mkwe, uso bado ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Neema, mwulize babu wa mtoto huyu, nimekosa nini."

Kuku hakuwepo. Neema alikuwa amemkumbatia mtoto, ananitazama mimi. Nikaona kwamba nikimjibu kupitia kwa mtu mwingine, yule mama atakwenda kaburini akiwa ameelewa nusu.

"Hukukosa, mama," nikasema, kwake mwenyewe. Jirani akashika kifua. "Vile vidonge vyeupe vinapasua damu yangu. Watu wengine haviwafanyi kitu. Mimi vinaniua, na huyu mtoto pengine ana damu kama yangu. Macho ya njano yote yale, tangu kipupwe kile cha kwanza, mafua yalikuwa yanaanza, blanketi linamalizia. Daktari ameniambia. Eliza alishindwa kukuambia. Mimi nilikatazwa kukuambia."

Mgongo wake ulikuwa umeinama, mgongo uleule uliolibeba blanketi kutoka Nakonde. Kisha aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nilimwona usoni kwa karibu: mwanamke mzee, makovu ya ndui shavuni ambayo sikuwahi kujua anayo, macho yamejaa.

"Kumbe nilikuwa nauliza kama wamekufunika mpaka shingoni," akasema. Hakumwambia kuku wala mtoto. Aliniambia mimi. "Kila mara nauliza. Mbona hukusema, baba?"

"Mama, sikujua. Na hata nilipojua, ningesemaje, nasi hatusemezani?"

Alilia, nami nikalia, na wanawake wale wakatoka mmoja mmoja wakijifanya wanakwenda kutazama maji ya moto.

Blanketi hatukulichoma. Alilichukua mwenyewe siku hiyohiyo. Vidonge alivimwaga kwenye shimo la choo, vile vya akiba pia, akilaani kila kimoja. Blanketi lenyewe alilirudisha Vwawa na kulitundika kwenye kamba kule mbali, upande wa mibuni, likapigwa na mvua na jua msimu mzima mpaka simba mmoja akafutika. Sasa anajifunika yeye, na anasema yeye hana shida ya kimeng'enya.

Majibu ya mtoto yalikuja. Ni kama mimi. Nilipoyasoma nilikaa kwenye benchi lilelile refu nikakasirika upya, nikiwa peke yangu, kwa dakika kumi hivi. Halafu nikamshonea naye mfuko mdogo ndani ya kila shati, na karatasi yake.

Mama mkwe alirudi kwetu kesho yake, akakaa nasi mwezi ule wote. Kijijini kwake, mbele za watu, bado anaongea nami kupitia kwa kuku, na mimi namheshimu kuku. Lakini hapa nyumbani, asubuhi zile, jua likishavuka ukungu, alikuwa anamtoa mtoto barazani karibu na cherehani yangu, anamfungua kope kwa kidole gumba kilichopauka kwa kazi ya shamba, na anaita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, na waliotaka kushangaa walishangaa.

"Baba Neema! Njoo uangalie, macho yangu hayaoni vizuri."

Naacha pedali, nainama juu ya mtoto, bega langu karibu na la kwake.

"Ni meupe, mama," namwambia, nikimtazama usoni.

"Angalia tena," anasema. Naangalia tena.